Kibanda cha uji na supu pale Ngara: tathmini ya mlaji aliyetoka kung'olewa gego

Kibanda ninachokitathmini hapa kipo Ngara, Nairobi, katika kichochoro kinachochepuka kutoka Park Road, na hakina bango wala jina. Wateja hukitambua kwa sufuria zake mbili za uji zinazokaa juu ya jiko la makaa tangu alfajiri, na kwa mama mpishi ambaye humkumbuka kila mteja kwa kile alichokula mara ya mwisho. Nimekula hapo kwa muda wa miaka mitatu, nikipita asubuhi kabla ya kwenda shuleni kufundisha, na sikuwahi kuona haja ya kukiandikia lolote. Haja hiyo imetokana na siku saba za mwezi wa Julai ambazo zilifuata baada ya mimi kung'olewa gego la chini upande wa kulia, siku ambazo kila kijiko kilichoingia kinywani kilinilazimu kwanza nikipime kwa jicho, kisha kwa mdomo, kisha kwa upande wa kushoto wa ulimi.

Daktari wa meno alinipa karatasi ya maagizo nilipokuwa natoka, na kuhusu chakula iliandikwa kwamba nile vyakula laini. Maneno hayo mawili ni ya kweli lakini hayamtoshi mtu anayetoka kliniki akiwa na njaa na kuingia katika mtaa wa Nairobi, kwa sababu karibu kila kibanda kitakuambia kwamba chakula chake ni laini. Githeri ya mahindi na maharagwe iliyochemshwa kwa saa nne ni laini. Supu inayotokota ni laini kuliko githeri, na uji wenye ukwaju hauna hata cha kutafuna. Vyote vitatu vinaweza kukuumiza. Kinacholindwa katika siku za kwanza ni donge la damu linaloganda ndani ya shimo la jino, ambalo hufunika mfupa na mishipa ya fahamu wakati nyama mpya ya ufizi inapoanza kuota. Joto kali huchochea damu kutoka tena, kufyonza kwa mrija huweza kuling'oa donge hilo mahali pake, chembe ngumu huingia shimoni na kukaa humo, na uchachu pamoja na pilipili huchoma kidonda kilicho wazi. Kwa hiyo nimekipima kibanda hiki kwa maswali hayo manne, nikiongeza la tano ambalo watu hulisahau: je, chakula hicho kinashibisha?

Nilifika hapo siku ya kwanza mnamo saa tisa alasiri, wakati mdomo wa chini ulikuwa bado umekufa ganzi na shashi niliyoambiwa niiume kwa nusu saa nilikuwa nimekwisha kuitoa. Mama aliniangalia shavu na hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza kama ganzi imetoka, na nilipotikisa kichwa akasema, "Basi, Mwalimu, keti kwanza. Ukila sasa utajiuma mdomo na hutajua, na chakula kikiwa moto kitakuunguza na hutajua vilevile." Ushauri huo ni sahihi kabisa, kwani ganzi ya sindano ya meno huweza kukaa saa kadhaa, na mtu asiyehisi mdomo wake hawezi kupima joto la chochote. Niliketi karibu saa nzima. Kibanda ambacho kingetaka tu kuuza bakuli la mwisho la siku kingenipa bakuli hilo papo hapo.

Uji wake ndio chakula ninachokipa alama ya juu zaidi, na nitaueleza kwa kirefu kwa kuwa uji ndicho chakula ambacho karibu kila mgonjwa wa jino mjini hapa hupelekewa. Sufuria ya kwanza ni ya uji uliochachushwa kwa siku mbili, ambao ndio wanaoupenda wafanyakazi wengi wa gereji za jirani, na sufuria ya pili ni ya uji mtamu wa wimbi uliochanganywa na mtama kidogo. Mtu mwenye kidonda kipya hana budi kuchukua wa sufuria ya pili. Mama huuchunga unga wake kwa chekecheke la matundu madogo baada ya kutoka kwa msagaji, na kazi hiyo ambayo mteja haioni ndiyo inayoutofautisha uji wake na ule wa vibanda vingine, kwa kuwa maganda ya wimbi ni madogo na magumu kama mchanga na ni rahisi kuingia shimoni. Nilipouchukua kwenye kijiko na kuusugua kati ya ulimi na kaakaa sikuhisi chenga yoyote. Sukari huiweka pembeni, kila mtu ajitilie mwenyewe, jambo linalomfaa pia mwenye ugonjwa wa kisukari.

Kuhusu joto, uji unadanganya. Uji mzito hupoa juu na kufanya utando, huku katikati ukibaki moto kwa muda mrefu, hivi kwamba mtu anayeonja ukingoni mwa bakuli huamini kuwa umepoa wote, na kijiko cha tatu ndicho humuumbua. Mama aliumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kutoka juu hadi chini, kama vile nyanya zetu walivyopoza uji wa watoto, akarudia pengine mara kumi, ndipo akanipa. Ulikuwa vuguvugu kuanzia juu hadi chini. Julai ni mwezi wa baridi Nairobi, na kila mtu aliyekuwa kwenye benchi alikuwa ameshika kitu kinachofuka moshi. Hapana shaka kwamba nilitamani nami chai ya moto, lakini katika saa ishirini na nne za kwanza vuguvugu ndio mwisho.

Siku ya pili nilijaribu kibanda kingine, karibu na mahali ninapoishi, ambacho huuza ule uji unaoitwa uji pawa, wenye karanga, korosho, ndizi na maziwa vilivyosagwa kwa blenda. Kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji kizuri na kinashibisha kuliko uji wa kawaida. Kwangu siku hiyo haukufaa. Blenda haikuwa imezimaliza karanga, na vipande vyake vilikuwa vikali kama vijiwe. Isitoshe ulikuja katika chupa yenye mrija, na muuzaji hakuwa na kikombe. Nilirudi nao nyumbani, nikauchuja kwa chujio cha chai na kuunywa kwa kijiko. Nataja hili kwa sababu wengi hudhani kwamba chochote kilichopita katika blenda ni salama, nao mrija huonekana kuwa msaada kwa mtu ambaye hawezi kufungua kinywa vizuri. Kwa wiki nzima ya kwanza mrija ukae mbali nawe.

Supu ya mifupa inahitaji maelezo ya aina nyingine, kwa kuwa nina maoni tofauti na ya wengi. Supu ya kibanda hiki ni nzuri. Huwekwa motoni kabla ya mapambazuko, ikiwa na mifupa ya magoti ya ng'ombe, kitunguu, tangawizi kidogo na chumvi ya kiasi, na ikifika saa nne imekuwa nzito kiasi cha kunata midomoni. Lakini ina kasoro mbili kwa mgonjwa wa jino. Kwanza, tabaka la mafuta linaloelea juu huihifadhi joto, kwa hiyo bakuli la supu hubaki la kuunguza muda mrefu baada ya mvuke kuacha kuonekana. Pili, mifupa inayokatwa kwa panga huacha vipande vidogo mno vyenye ncha, ambavyo mlaji wa kawaida huvitema bila kufikiri. Siku ya pili niliipata supu ikiwa na kipande kama hicho, na juu yake majani ya dhania pamoja na pilipili ambayo sikuiomba. Nilimwambia mama, naye akaichukua, akaengua mafuta kwa kijiko, akaichuja na kunirudishia bila malipo ya ziada, na kuanzia siku hiyo supu yangu ilichujwa kabla sijasema neno. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mara ya kwanza haikuchujwa, na mgeni ambaye hajui kuomba atapewa kama ilivyo.

Kasoro iliyo kubwa zaidi si ya mpishi, bali ni ya imani yetu juu ya supu. Tunampelekea mgonjwa supu asubuhi, mchana na jioni, tukiamini kwamba nguvu yote ya ng'ombe imo humo. Supu iliyochujwa ina maji mengi, chumvi, na protini kiasi, na inafaa kwa kumrudishia mtu maji na kumtia hamu ya kula, lakini haimlishi mtu kwa siku nzima. Niliishi kwa supu na uji mwepesi siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nilisimama mbele ya darasa la Kidato cha Pili na magoti yakanitetemeka kabla ya kipindi kwisha. Kidonda kinahitaji chakula ili kipone, na dawa za maumivu kama ibuprofeni hazifai kumezwa tumbo likiwa tupu. Nilipomsimulia mama, alinitengea sahani ambayo haimo katika vyakula vyake vya kawaida: viazi vilivyopondwa kwa maziwa na siagi hadi vikawa kama krimu, na juu yake ndengu zilizopikwa mpaka zikapasuka, kisha zikasagwa kwa mgongo wa mwiko na kuchujwa maganda. Sahani hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Ilinigharimu shilingi 120, na niliila siku nne mfululizo bila kuichoka.

Mukimo hupikwa hapo Jumatano na Jumamosi, na wale walio na kidonda kinywani wanapaswa kuwa waangalifu nao. Viazi na majani ya malenge havina tatizo vikipondwa vizuri, lakini mahindi ni hatari, kwa kuwa ganda la punje ya mhindi haliyeyuki, ni jembamba, na likiingia katika shimo la gego hushikamana kando ya ufizi na kukufanya utamani kulitoa kwa ulimi au kwa kijiti, na hapo ndipo donge la damu linapoharibiwa. Jumatano hiyo mama aliponda viazi na majani kwanza, akanitolea sehemu yangu, ndipo akamimina mahindi kwa ajili ya wengine. Katika hoteli moja ya katikati ya jiji, ambako nililazimika kula Alhamisi kwa sababu ya mkutano wa walimu, nilipoomba jambo hilohilo niliambiwa kwamba chakula ni kile kilichopikwa. Sikuwalaumu, kwani hoteli kubwa haiwezi kupika sahani moja moja, ila ndipo nilipotambua thamani ya mpishi anayeweza kunyoosha mkono na kukutengea chako kabla sufuria haijachanganywa.

Maziwa lala yake, ambayo huyauza kwa bilauri na kuyaweka katika kijisanduku chenye barafu, yalinifaa sana kuanzia siku ya pili jioni. Ubaridi wake hutuliza uvimbe, na uzito wake humshibisha mtu asiyeweza kutafuna. Yana uchachu kidogo, kwa hiyo siku ya kwanza yangeweza kuwasha. Msaidizi wake kijana aliwahi kuniletea mrija pamoja na bilauri, nikaurudisha. Jambo moja la kuzingatia ni dawa: mgonjwa aliyeandikiwa viuavijasumu vya jamii ya tetrasaiklini asivimeze pamoja na maziwa, kwa kuwa kalsiamu huzuia dawa hiyo kufyonzwa mwilini. Mimi niliandikiwa amoksilini na metronidazoli, ambazo hazina tatizo hilo, ingawa metronidazoli iliacha ladha ya chuma mdomoni kwa siku zote tano na kuharibu utamu wa karibu kila chakula. Maziwa lala na viazi ndivyo pekee vilivyobaki na ladha yake. Huenda mlaji mwingine mwenye dawa hiyo akadhani kwamba supu ya kibanda imeharibika, haijaharibika.

Hapo jirani yupo mama mboga ambaye huuza maparachichi, na ingawa si sehemu ya kibanda, wateja huruhusiwa kununua kwake na kulia mezani. Julai maparachichi yapo kwa wingi. Kwa mgonjwa wa jino sijui tunda linalolishinda: halina mbegu ndogo, halina uchachu, lina mafuta ya kushibisha, na huliwa baridi. Chagua lililoiva sawasawa, kwa maana bichi lina vipande vigumu na lililopita kiasi huwa na nyuzi. Aina ya Hass huwa nyeusi ikiiva na hivyo ni rahisi kuitambua, lakini Fuerte hubaki ya kijani, na hiyo yapaswa kubonyezwa taratibu karibu na kikonyo. Ndizi mbivu nazo zinafaa. Pasheni, machungwa, mananasi na stroberi nilizikwepa, zile za mbegu kwa ajili ya mbegu zake, na nyingine kwa ajili ya uchachu.

Huduma iliyonigusa zaidi haikuwa chakula. Kuanzia siku ya pili, saa ishirini na nne zikiwa zimepita, kila nilipomaliza kula mama aliniletea bilauri ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kunionyesha mahali nyuma ya kibanda penye mfereji ambapo ningeweza kusukutua bila kutazamwa na watu. Kusukutua kwenyewe ni kuinamisha kichwa huku na huku taratibu, kisha kuyaacha maji yatiririke yenyewe kutoka mdomoni, kwa kuwa kutema kwa nguvu ni sawa na kufyonza mrija. Alisema kwamba alijifunza hayo alipomuuguza dada yake. Sijawahi kukutana na mahali pa kula palipofikiria kile kinachobaki mdomoni mwa mteja baada ya kulipa.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu aling'olewa gego miezi michache kabla yangu, naye hakubadilisha chakula. Siku ya pili alikula nyama choma na ugali, akachokoa shimo kwa kijiti, na kwa kuwa ni mvutaji wa sigara hatari yake ilikuwa imeongezeka tayari. Siku ya nne aliamka na maumivu yaliyopanda kutoka utayani hadi sikioni, na kinywa kikawa na harufu mbaya. Shimo lilikuwa tupu, mfupa uko wazi. Hali hiyo huanza aghalabu katika siku chache za kwanza, na huyapata zaidi magego ya chini kuliko ya juu. Daktari alilisafisha shimo na kuliwekea dawa yenye mafuta ya karafuu, na mwenzangu akarudi kwake mara tatu kabla hajapata usingizi wa kutosha. Ndiyo maana sikuona kuwa ni usumbufu kumwomba mpishi achuje supu ya shilingi 80.

Zipo kasoro nyingine za kibanda ambazo msomaji anastahili kuzijua. Moshi wa makaa hujaa ndani wakati wa mvua. Mabenchi hayana egemeo, na mtu aliyetoka kliniki akiwa na kizunguzungu angehitaji kiti. Jumapili hufungwa, kwa hiyo Jumapili hiyo nilijipikia malenge na mayai ya kuvuruga nyumbani, yaliyotosha lakini hayakufikia utamu wa viazi vya mama. Uji mtamu huisha mapema kuliko ule wa kuchacha, na anayefika baada ya saa nne asubuhi huenda akakuta sufuria moja tu.

Kwa siku nzima nilitumia takriban shilingi 280: uji 40, supu 80, viazi na ndengu 120, na parachichi 40 kwa mama mboga. Siku ya saba nilikula ugali mlaini uliolowekwa katika mchuzi, na siku ya nane chapati iliyochovywa katika ndengu, nikitafuna kwa upande wa kushoto, ingawa ufizi wenyewe huchukua wiki tatu au nne kujifunga juu ya shimo.

Kibanda hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa sufuria zikiisha, kwa kawaida mnamo saa kumi jioni. Anayekwenda akiwa ametoka kung'olewa jino aseme mapema, kabla bakuli halijatiwa kitu: uji wa sufuria ya pili, supu ya kuchujwa isiyo na pilipili wala dhania, na vyote vipozwe. Akiweza, amwambie mama siku moja kabla kuhusu viazi na ndengu, kwa sababu ndengu zinahitaji muda mrefu motoni ndipo zikubali kupondeka.